Mwacheni Mzee Ainuke Mwenyewe

Katika nyumba zetu za Bunia tunayo desturi njema: mzee hatumwi. Akitaka maji, mjukuu huyaleta. Akitaka kuhamia kivulini, mtoto humbebea kiti. Heshima hiyo tuishike. Lakini yafaa tujiulize: mzee anayefanyiwa kila jambo, miguu yake itabaki na kazi gani?

Misuli ya mtu huanza kupungua polepole katika umri wa makamo, na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi. Asiyeitumia huipoteza mapema. Kijijini, jembe, kuni na njia ya shambani vilimzoeza mzee bila yeye mwenyewe kujua. Lakini tangu mapigano yaliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, wazee wengi wameyaacha mashamba yao na kuja mjini kwa ndugu au katika kambi. Huko mzee hushinda ameketi, na huzuni huketi naye. Miguu ikilegea, huanguka. Na mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani. Tena, katika nchi ambako watu wamelazimika kukimbia usiku, asiyeweza kuinuka yumo hatarini kuliko wote.

Je, nguvu yaweza kurudi uzeeni? Ndiyo, yaweza. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8, wakiangaliwa na waganga. Tisa walimaliza, nguvu za miguu yao zilizidi maradufu, na wawili wakaacha mkongojo. Sisi hatuna haja ya mashine: uzito wa mwili wenyewe watosha kuanzia.

Zoezi la kwanza: kiti imara kiegemezwe ukutani. Mzee akae mbele kidogo, nyayo zikiwa chini, ainamishe kifua, ainuke, kisha aketi taratibu huku akihesabu hadi nne. Akishindwa, ajisaidie kwa mikono. Afanye mara 5. Baada ya majuma machache, mara 10.

La pili: ashike meza nzito, ainue visigino, asimame juu ya vidole, ashuke polepole.

La tatu: akishika ukuta, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine na kutulia mpaka ahesabu hadi 10, kisha abadili miguu.

Asizuie pumzi, wala asivae ndara zilizolegea, na mtu awe karibu naye. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha, au aliyekwisha kuanguka, amwulize kwanza muuguzi wa kituo cha afya.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kila juma. Faida yake haiishii miguuni. Imeonekana kwamba mazoezi ya namna hii hupunguza huzuni na kuleta usingizi mwema. Aliyeweza leo kwenda mwenyewe hadi mlangoni na kumsalimu jirani, moyo wake huchangamka.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni hii: jioni mtokapo shule, simameni kando ya babu au nyanya, mhesabu naye kwa sauti. Msimvute mkono, wala msimcheke akichelewa. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku atakapowaambia, «Niacheni, nitayachota maji yangu mwenyewe,» msione kwamba amewakataa. Mpeni kikombe, mwacheni aende.