"Education" ni Malezi

Msomaji, wako watu wanaodhani kwamba mwenye cheti ndiye mwenye elimu, na bibi yake asiyejua kusoma ni mjinga. Wakitaka kujipamba hutamka neno la Kiingereza, "education", kana kwamba neno hilo ni shahidi wao. Na tumwite shahidi huyo, tumsikilize.

Neno hilo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, nalo lilitoka katika Kilatini. Asili yake ni kitenzi "educare", na maana yake ni kulea. Warumi walikitumia kwa mtoto anayekuzwa, na hata kwa mnyama anayefugwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilieleza neno hili kuwa ni kuwajenga vijana katika tabia njema na kuwalea. Hakutaja mtihani wala cheti.

Wako na wengine wasemao kwamba asili yake ni "educere", yaani kutoa nje, na kwamba kazi ya mwalimu ni kukitoa tu kilichomo ndani ya mtoto. Fikira hiyo ni nzuri, lakini sarufi inaikataa. Vitenzi hivyo viwili ni ndugu, lakini "educere" kilizaa neno jingine, "eduction". "Education" ni mtoto wa kulea.

Sasa tazama lugha yako. Elimu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake ni kujua. Kulea ni neno la Kibantu, nalo ni kongwe kuliko shule zetu zote. Wazee waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walitamka wazi jambo lililofichika ndani ya neno la Warumi.

Basi mwanafunzi aibaye mtihani, au amdharauye mzazi wake kwa sababu hajui kusoma, yamkini anajua mengi. Lakini "education" hana hata chembe. Na mama aliyemfunza mwanawe kusema kweli amefanya kazi ile ile iliyolizaa neno hilo.

Sisemi vitabu vitupwe. Asiyejua kusoma amenyimwa haki yake, na anastahili kufundishwa. Nasema kwamba cheti hushuhudia kujua, hakishuhudii kulelewa. Ushahidi wa malezi ni mwenendo wako, nao hutolewa kila siku mbele ya watu wote.