Jua, Upepo na Nyumba Yako

Juma hili twende pamoja Dar es Salaam. Wengi wetu tukifika mji ule hutazama maghorofa marefu ya vioo, tukarudi kijijini kuyasimulia. Leo nataka utazame majumba mengine, yale ya ghorofa mbili tatu yaliyojengwa Upanga katika miaka ya 1950 na 1960. Hayana fahari wala mapambo, na mengi yamekwisha bomolewa. Lakini ndani yake mna akili nyingi.

Mmoja wa wasanifu wa majengo ya namna ile alikuwa Anthony Almeida. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, mtoto wa Wagoa. Akaenda Bombay, India, kusomea usanifu, kisha akarudi kufanya kazi katika mji aliozaliwa. Alichora ukumbi wa Wagoa na shule ya Mtakatifu Ksaveri, na baadaye kanisa la Chuo Kikuu, ambamo Wakatoliki na Waprotestanti husali kwa zamu.

Yeye na wenzake walifuata namna mpya ya kujenga iliyoanzia Ulaya, ya zege na kuta zilizonyoka. Lakini Ulaya kuna baridi, na nyumba ya kule hulitafuta jua. Pwani yetu jua hukimbiwa. Kwa hiyo msanifu mwenye busara alianza kwa maswali mawili: Jua linapita wapi? Upepo unatoka wapi?

Jua la saa sita liko juu, na upenu mrefu hulizuia. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, nalo hupiga ukuta moja kwa moja. Ndiyo maana nyumba ya nchi ya joto hufaa ielekeze ubavu wake mrefu kaskazini na kusini, na ubavu mfupi mashariki na magharibi. Tena pepo zetu za pwani, kusi na kaskazi, hutoka pande hizo hizo za kusini na kaskazini. Chumba chenye madirisha pande mbili hupitisha upepo, ukaingia huku na kutokea kule. Juu ya madirisha waliweka vibao vya zege kama ukingo wa kofia, na penye ngazi wakajenga matofali yenye matundu, hewa ipite.

Mwafrika naye hakubaki nyuma. Beda Amuli, aliyesomea Haifa, Israeli, ndiye aliyechora soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lilisimama kama miti mikubwa, na watu wakauza na kununua chini ya kivuli.

Kwa nini nawaambieni haya ninyi mlio vijijini? Kwa sababu siku hizi tunajenga kwa matofali na bati, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini baba huweka akiba miaka mingi, kisha akajenga nyumba yenye vidirisha kama vya ghala, bati bila dari, na upenu mfupi ili aokoe bati mbili. Mchana nyumba huwa tanuri. Usiku watu hukaa nje hadi saa nne wakitafuta hewa, mbu wanawauma, na mtoto anaugua malaria. Hasara yake ni zaidi ya bei ya bati mbili.

Basi, kabla hujachimba msingi, simama kiwanjani asubuhi, adhuhuri na jioni, siku kadhaa. Tazama kivuli kinaangukia wapi, sikia upepo unatoka wapi. Ndipo upige vigingi. Mwambie fundi akupe madirisha pande mbili, yenye wavu wa mbu. Toa upenu walau mkono mmoja. Acha matundu chini ya paa ili joto litoke, nayo uyafunge kwa wavu. Upande wa magharibi panda mti. Mengi ya haya hayaongezi gharama kubwa, yanataka kufikiri kwanza.

Jua na upepo Mwenyezi Mungu ametupa bure. Na wanaokaa ndani mchana ni mama anayepika na mtoto anayelala. Kabla ya kuuliza bei ya bati, waulize wao kwanza.