Diski ya Nje na Amana za Nyumba

Tumeulizwa suala moja na zaidi ya nyumba moja. Familia imekwisha kununua kile kisanduku chenye diski mbili ndani, kinachounganishwa na ruta ya sebuleni ili simu na kompyuta zote za nyumbani ziweke picha na hati humo. Je, ipo haja tena ya kununua diski ya nje? Na ikiwapo, ni ipi itakayokubaliana na kisanduku hicho?

Haja ipo, tena kubwa. Aghalabu muuzaji husema kwamba kila diski mle ndani ni kioo cha mwenziwe, ikifa moja hubaki nyingine. Ni kweli, lakini kioo huakisi kila kitu. Mtoto akizifuta picha za arusi, zafutika kotekote kwa wakati mmoja. Mwizi naye hubeba kisanduku kizima, na umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui diski. Mwezi wa Juni 2021, watu wengi wenye visanduku vya My Book Live vya kampuni ya Western Digital waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa kwa njia ya intaneti. Visanduku hivyo vilikuwa havipati marekebisho ya programu tangu 2015. Walionusurika ni wale waliokuwa na nakala pengine.

Sasa tuje kwenye uteuzi. Kabla ya kwenda dukani, andikeni jina kamili la kisanduku chenu na namba ya toleo lake, kisha mtazame katika tovuti ya mtengenezaji. Watengenezaji wengi huweka orodha ya diski za nje walizozijaribu. Diski kutokuwamo katika orodha si hoja ya kuikataa, maana nyingi zisizotajwa hufanya kazi vyema. Lakini iliyomo hupunguza shaka. Tahadhari zaidi yahitajika kwa visanduku vikongwe, kwani baadhi yake havitambui diski inayozidi terabaiti 2.

Ukubwa upimwe kwa data mliyo nayo, si kwa ukubwa wa kisanduku. Mwenye terabaiti 1 ya picha na anunue 2 au zaidi, apate nafasi ya kukua. Diski ndogo za inchi 2.5 hupata umeme kwa waya ule ule wa USB. Zile kubwa za inchi 3.5 huja na adapta yake, na adapta hiyo ikipotea diski haiwaki. Kwa nyumba ya kawaida, sisi twapendelea ndogo. Tena iwe ya USB 3, na iingizwe katika tundu la USB 3 la kisanduku, kwani kunakili terabaiti 1 kwa USB 2 huchukua yapata saa nane, ilhali kwa USB 3 huenda ikawa saa tatu. Pwani yetu hii ya umeme wa kukatika, tofauti hiyo si ndogo.

Jambo linalowakwaza wengi ni fomati, yaani namna diski inavyopangwa ndani ili kupokea faili. FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na video ya arusi hupita hapo kwa urahisi. exFAT husomwa na Windows na Mac, lakini si kila kisanduku huikubali; vile vya Synology kwa miaka kadhaa viliihitaji programu ya kulipiwa. NTFS husomwa na Mac bila ya kuandikwa. ext4 ndiyo lugha ya asili ya visanduku vingi, ila kompyuta ya Windows haiifungui bila ya programu ya ziada.

Basi jiulizeni: siku kisanduku kitakapokufa, ni nani atakayeifungua diski hii? Ikiwa ni mama au binti mwenye kompyuta ndogo ya kawaida, na kisanduku chenu chakubali exFAT au NTFS, chagueni hiyo, na faili zinakiliwe kama zilivyo. Zipo programu za kunakili zinazofunga kila kitu katika furushi lisilofunguka ila kwa programu yenyewe. Zina faida zake, khasa kutunza matoleo ya zamani ya faili, lakini mtu wa nyumbani asiyejua hayo atadhani diski ni tupu. Na kumbukeni kwamba kubadili fomati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo ifanyike diski ingali mpya.

Lipo la sitara pia. Picha za siku ya kupamba, akina mama wakiwa wamevua mabuibui, hazistahili kuangukia mkono wa fundi wala mwizi. Diski ifungwe kwa nywila, na nywila hiyo ijulikane na watu wawili, kwani ikisahauliwa picha nazo zimekwenda. Diski kuukuu isiuzwe kwa kufutwa juu juu tu. Yaliyofutwa hivyo hurudishwa na mwenye kujua.

Nakala ikishakamilika, toeni diski kwa amri ya kisanduku kwanza, ndipo mvute waya. Diski inayobaki imechomekwa mwaka mzima hupatwa na yale yale yatakayokipata kisanduku, virusi vya kufunga faili vikiwamo. Iwekwe mbali na unyevu na chumvi ya bahari, katika mkebe unaofunga vyema wenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Wenye uwezo wanunue mbili: moja ikae nyumbani, ya pili kwa dada au shangazi mtaa mwingine, na zibadilishane kila mwezi. Siku ya kubadilishana, fungueni picha tatu au nne na video moja katika kompyuta, mhakikishe kwamba zaonekana.