Kisu cha randa chataka makali, si nguvu

Wasomaji wetu, na hasa ninyi vijana mnaojifunza useremala, juma hili twataka kusema nanyi habari ya kunoa kisu cha randa. Wengi hukidharau kisu hicho kwa kuwa ni kipande kidogo tu cha chuma. Lakini randa yenye kisu butu huwa mzigo wa kusukuma. Fundi hutoka jasho bure, ubao huchanika, na mwenye kuagiza meza akiona michubuko hupunguza malipo. Hasara hiyo hufika nyumbani, mezani pa watoto wake.

Tena miti yetu mingi ni migumu. Mvule, kwa mfano, mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, navyo hula makali upesi. Kwa hiyo seremala hana budi kunoa mara kwa mara. Na hapo mkono usiozoea huharibu badala ya kutengeneza.

Tueleze sababu. Kisu cha randa kina mgongo ulio sawa, na upande wa pili umechongwa mshazari. Kwa desturi mshazari huo hukatwa kwa digrii 25, kisha ncha yake peke yake hunolewa kwa digrii 30 hivi, ili makali yapate nguvu. Mkono wa mwanafunzi hupanda na kushuka juu ya jiwe kama mtumbwi katika mawimbi: leo digrii 30, kesho 35, kesho kutwa 40. Lakini katika randa ya kawaida kisu hulala kwa digrii 45, na mshazari huelekea chini. Basi ncha ikinolewa hata kukaribia digrii hizo, sehemu iliyo nyuma ya makali husugua ubao, na makali yenyewe hayaingii. Kijana husema randa ni mbovu, kumbe ni unoaji.

Dawa yake ni kishikio cha kunolea. Ni kifaa kidogo chenye taya mbili zinazobana kisu kwa skrubu, na chini yake kuna gurudumu linalotembea juu ya jiwe. Katika vishikio vya namna iliyoenea sana, kisu kikitokeza milimita 50 mbele ya taya, mshazari huwa wa digrii 25. Kikitokeza milimita 38, huwa wa digrii 30. Wala si lazima kupima kila siku. Twaa kipande cha ubao, pigilia juu yake kijiti cha kukomesha, milimita 38 toka ukingoni. Egemeza kishikio kwenye ukingo, sukuma kisu hata kiguse kijiti, kisha kaza skrubu.

Sasa fuateni utaratibu huu. Kwanza, kisu kikiwa kipya, kilazeni mgongo juu ya jiwe na kuusugua mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote. Kazi hiyo hufanywa vema mara moja tu. Pili, kifungeni katika kishikio, kisiende upande. Tatu, sugueni juu ya jiwe la nambari 1000, kwa maji au mafuta kadiri jiwe linavyotaka, mpaka kidole kikipapasa mgongoni kwa taratibu kisikie unyuzi mwembamba wa chuma toka pembe hata pembe. Unyuzi huo ndio ushahidi kwamba mmefika kwenye makali. Nne, hamieni jiwe laini zaidi, kama la nambari 6000, kwa misuguo michache. Mwisho, kilazeni tena mgongo, uondoke ule unyuzi. Makali hujaribiwa kwa kukata karatasi au kichwa cha ubao laini, si kwa kidole.

Tumieni jiwe lote, wala si katikati tu, kwa maana jiwe lililobonyea haliwezi kutoa makali yaliyonyoka. Na kama kisu kimepata pengo, mkakipeleka kwenye jiwe la kuzungusha, kichovyeni majini kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea mahali pale.

Wako mafundi wazee wanaowacheka vijana wenye kishikio. Twawaheshimu, maana mikono yao imepata kipimo kwa miaka mingi, nao hunoa upesi kuliko sisi. Lakini mtoto hushikwa mkono anapojifunza kuandika, wala hakuna aonaye haya. Tena kishikio kina faida ya mfuko: kwa kuwa mshazari hurudi ule ule kila siku, hupungua chuma kidogo sana nchani, kazi humalizika kwa dakika chache, na kisu hudumu miaka. Anoaye ovyo hukila kisu chake juu ya jiwe kuliko juu ya mbao.

Mwanafunzi asiyeweza kununua kishikio peke yake na ashirikiane na wenzake wawili au watatu, maana kifaa hicho kimoja chawatosha. Nacho kisiachwe sandukuni mpaka randa igome. Wahenga wamesema: Kinolewacho hupata.