Kazi ya Nyumbani: Ya Mwana au ya Mzazi?

Kila jua likitua, katika nyumba nyingi za mwambao wetu huzuka kizaazaa kimoja. Mtoto wa gredi ya pili ametoka shule alasiri, akavua sare, akavaa kanzu, akaenda madrasa. Baada ya magharibi amerudi, yuko hoi. Akisha kula, hufungua daftari na kusema, "Mama, mwalimu kasema unisaidie." Kazi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Mama yake, ambaye pengine alihitimu msahafu angali kigoli, hulitazama daftari, akaligeuza huku na huku, mwisho akamwita kijana wa jirani.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kufundishwa nchini kote mwezi wa Januari 2019, ili uchukue hatua kwa hatua mahali pa ule wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, ulikuja na ahadi njema: mtoto asikaririshwe tu bali atende, na mzazi awe mshirika katika masomo ya mwanawe. Nani angelipinga hilo? Lakini ushirika ukageuka uhamali. Mzazi aambiwa achapishe picha za rangi, anunue karatasi za manila, aunde sanamu ya kutishia ndege shambani, naye yu katika chumba cha kupanga Majengo, shamba hana wala ndege hawaoni. Mnamo Septemba 2021 mtaala huu ulishtakiwa katika Mahakama Kuu, Nairobi, na mzigo wa wazazi ulikuwa miongoni mwa malalamiko.

Hata hivyo, gharama si donda kubwa. Donda ni lile analojifunza mtoto pasi na kufundishwa: kwamba mama yake hajui kitu. Mtoto wa miaka saba akisha kuamini hivyo, heshima humong'onyoka kidogo kidogo, na lugha ya nyumbani huonekana lugha ya wasiosoma.

Nayo sera ya nchi haisemi hivyo. Kamati iliyoongozwa na Bwana Peter Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule. Mtaala wa sasa nao washika msimamo huo huo hadi gredi ya tatu. Basi katika mitaa ya Mombasa, Lamu na Malindi, ambako Kiswahili ndicho maziwa ya mama, kwa nini kazi ya mtoto mdogo ije nyumbani kwa lugha ambayo mama haielewi?

Tena mama huyo si mjinga. Yeye ajua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na hiyo ni hesabu. Ajua kupima unga wa mahamri, kugawa faida ya mauzo, kusuka ukili kwa kuhesabu miyaa. Mwaka 1986 ulipoanzishwa hapa Mombasa mpango wa shule za chekechea zilizofungamana na madrasa, wanawake wa mitaa yetu ndio waliofunzwa ualimu, wakasomesha kwa vifaa vya hapa hapa vya bei nafuu. Ushahidi gani mwingine watakiwa?

Chuoni nako twajifunza jambo. Mzazi hakuambiwa na mwalimu wa Kurani amwandikie mwanawe ubao. Aliambiwa amsikilize akidurusu. Mtoto husoma, mzazi huweka sikio. Kazi hubaki ya mtoto, na baraka ya kuwa pamoja huwa ya wote wawili.

Basi walimu wetu, tumeni kazi fupi, kwa Kiswahili, ya vitu vilivyomo jikoni na barazani. Isahihisheni jasho la mtoto, wala msiupe alama mfuko wa babake. Nanyi wazazi, msimfanyie mtoto kazi, wala msimfukuze na daftari lake. Mketisheni, mwambieni, "Hebu nieleze mwanangu, mwalimu kasemaje?" Akiweza kukueleza kwa lugha yako, amejua. Asipoweza, mwandikie mwalimu hivyo hivyo, kwamba hapa hakufahamu. Kuandika hivyo si aibu. Aibu ni kupeleka shuleni kazi ya kijana wa jirani, ikapata alama nzuri, na mtoto akabaki pale pale alipokuwa.