Maajabu ya Michezo: Mabao Tisa ya Ndaye Mulamba

Vijana wetu wa Luena wakiisha kazi au masomo hupenda kubishana: Nani amekimbia upesi kupita wote? Nani amepiga mabao mengi? Majina ya wachezaji wa Ulaya wanayajua kama wanavyojua vituo vya reli toka hapa mpaka Lubumbashi. Lakini tukiwauliza habari za Ndaye Mulamba, wengi hunyamaza. Basi juma hili twataka kuzisimulia, maana mtu huyu ni mwana wa nchi yetu.

Ndaye alizaliwa mwaka 1948 katika Luluabourg, mji uitwao leo Kananga. Alisifika hasa katika Vita Club ya Kinshasa, iliyotwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1973. Watu walimpa jina la utani, "Mutumbula". Wazee wa Katanga hawana haja ya kufasiriwa neno hilo: ndiye yule mtu wa kutisha aliyesemwa kukamata watu usiku, zamani za Wabelgiji. Walinda mlango walimwogopa vivyo hivyo.

Mwezi wa Machi 1974 timu ya taifa, wakati nchi ikiitwa Zaire, ilikwenda Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali walikutana na wenyeji, nao Wamisri wakatangulia kwa mabao mawili. Zaire haikukata tamaa: ikarudisha yote ikaongeza la tatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya Ndaye. Katika fainali walipambana na Zambia. Ndaye akafunga mara mbili, lakini Wazambia wakasawazisha katika dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, 2 kwa 2. Siku zile mshindi wa fainali hakutafutwa kwa kupiga penalti. Ilibidi mchezo urudiwe. Baada ya siku mbili wakarudi uwanjani, Zaire ikashinda 2 kwa 0, na mabao yote mawili akayafunga yeye.

Kwa jumla alifunga mabao tisa katika michezo sita. Je, hesabu hiyo ni kubwa? Pimeni wenyewe. Laurent Pokou wa Kodivaa alifunga manane mwaka 1970. Vincent Aboubakar wa Kameruni naye alifikia manane mwanzoni mwa mwaka 2022, tena kwa michezo saba. Tangu 1974 hata mashindano yaliyochezwa mwaka 2024, hakuna aliyefika tisa katika kombe moja.

Lakini sifa ni kama jua la asubuhi, halikai mahali pamoja. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Zaire ilicheza Kombe la Dunia huko Ujerumani, ikapigwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Ndaye hakuuona mwisho wa mchezo: mwamuzi alimtoa nje kwa kosa lililofanywa na mwenzake.

Yaliyofuata yanatia huzuni zaidi. Mwaka 1994 viongozi wa mpira wa Afrika walimwita Tunisia wampe heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha, wakidhani amekuja na fedha nyingi, walimvamia wakampiga risasi mguuni. Akaihama nchi, akaishi Afrika ya Kusini katika umaskini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Mataifa katika Burkina Faso, ilienea habari kwamba amekufa. Uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kumkumbuka. Kumbe, mtu mwenyewe yu hai, na hana cha kumtosha! Alifariki kweli katika Johannesburg mwezi wa Januari 2019, mwenye umri wa miaka 70.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Ndaye alicheza kwao, wala hakutunzwa. Twawaambia wazazi: mtoto mwenye kipaji cha mpira msimzuie, lakini ashike pia masomo au kazi ya mikono, kwa maana miguu huchoka mapema na makofi hayanunui unga.

Tena, hapa Luena wamo wazee waliochimba makaa ya mawe kwa miaka mingi, na wengine walioendesha magari moshi usiku na mchana. Hakuna kitabu cha rekodi kinachowataja. Enyi vijana, waendeeni jioni moja, mkae nao, mwaulize habari za kazi yao, mwachotee na maji. Heshima anayopewa mtu akiwa hai huisikia mwenyewe. Ile dakika ya kimya haimfikii.