Chujio la hewa si pambo la gari

KUNA desturi inayoenea upesi miongoni mwa wenye magari madogo katika miji yetu, nayo ni ya kuling'oa sanduku la chujio la hewa lililowekwa na kiwanda na kufunga mahali pake bomba la kung'aa lenye chujio la umbo la pia, jekundu au la buluu, ambalo hukaa wazi chini ya boneti. Muuzaji humhakikishia mnunuzi kwamba sasa injini "itapumua", kwamba nguvu itaongezeka na petroli itapungua. Mwenye gari akiondoka gereji husikia mvumo mzito kila anapokanyaga mafuta, naye huridhika kwamba fedha yake haikupotea.

Ndugu msomaji aweza kuuliza kama hilo nalo ni jambo la kujadiliwa katika ukurasa huu. Naam, ni la kujadiliwa. Wengi wanaofunga vifaa hivyo si matajiri wala washindani wa mbio za magari, bali ni walimu na watumishi wa ofisi walionunua gari lililokwisha kutumika Japani kwa mkopo wa SACCOS, ambao marejesho yake hukatwa katika mshahara kila mwezi kwa miaka kadhaa. Mtu wa namna hiyo hana injini ya akiba. Gari lake likianza kula oili kabla mkopo haujaisha, ataendelea kulipia chombo ambacho hawezi tena kukitegemea.

Yafaa tuanze na hesabu. Petroli haiungui peke yake. Kila kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa, na kwa ujazo ni kusema kwamba lita 1 ya petroli humeza takriban lita 9,000 za hewa. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakuwa limevuta lita 90,000 katika safari ya kilomita 100. Mwalimu na alitazame darasa lake: chumba chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kina lita 189,000 za hewa. Safari hiyo moja basi humaliza karibu nusu ya hewa ya darasa zima, na iwapo ni safari ya barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, nyuma ya lori, hiyo si hewa tupu inayovutwa.

Vumbi la barabara zetu limejaa chembe za kwatzi, jiwe ambalo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hupewa namba 7 na ambalo hukwangua chuma cha kawaida bila taabu. Chembe kubwa zinazoonekana kwa macho si adui mkuu. Adui ni zile zenye ukubwa wa maikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Hizo hupenya katika utando wa oili ulio kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikausaga ukuta huo kama msasa. Dereva haoni lolote siku hiyo, wala mwezi huo. Ataona baadaye, oili itakapokuwa inapungua kabla ya muda wake, moshi wa buluu utakapotoka asubuhi, na fundi atakapomwambia kwamba hakuna njia ila kushusha injini.

Historia ya kifaa hiki yenyewe ina mafunzo. Mwaka 1915 Mmarekani mmoja, Frank Donaldson, aliyekuwa akiiuzia matrekta kampuni ya Bull, alikwenda Utah kuchunguza kwa nini trekta la mkulima mmoja lilikuwa likiharibika kila mara. Alikuta injini imeliwa na vumbi la shamba. Akatengeneza chujio la vitu vya kuokoteza, waya na kitambaa, akalifunga katika trekta lile. Husimuliwa kwamba mwajiri wake alimfukuza kazi kwa hoja kwamba kuuza chujio ni kukiri kuwa matrekta yenyewe ni dhaifu! Kampuni aliyoianzisha baada ya hapo ingali hai huko Minnesota hadi leo. Chujio lile, ambalo nalo halikutoka kiwandani pamoja na trekta, lilifungwa ili kuzuia uchafu. Haya ya leo yanayong'aa katika maduka ya vipuri huuzwa kwa sifa iliyo kinyume kabisa, yaani kwamba hayazuii.

Tuzipime sasa ahadi za muuzaji. Sanduku la kiwanda huvuta hewa kwa mdomo uliopelekwa mbele ya gari au pembeni mwa tairi, mahali penye hewa ya baridi. Chujio lililo wazi huvuta hewa iliyokwisha pashwa moto na injini na rejeta. Hewa ikipanda joto kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 60, kila lita yake hupungukiwa karibu asilimia 9 ya uzito, na injini huhitaji uzito wa hewa, si wingi wa lita. Kwa hiyo katika foleni ya jioni mwenye gari hilo amepunguza nguvu aliyodhani ameinunua. Na ule mvumo? Sanduku la kiwanda limewekewa chumba maalumu cha kufifisha sauti ya hewa inayoingia. Ukiling'oa, sauti hutoka. Sikio hudhani kwamba kelele ni nguvu, na biashara hii, kwa maoni yangu, imesimama juu ya kosa hilo la sikio kuliko juu ya jambo jingine lolote.

Kuhusu petroli, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha mwaka 2009 matokeo ya majaribio juu ya magari ya kisasa yenye kuongozwa na kompyuta. Ilionekana kwamba hata chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, maana kompyuta hupunguza petroli kadiri hewa inavyopungua. Kilichodhoofika ni mwendo wa kuchomoka. Katika magari ya zamani ya kabureta mambo yalikuwa tofauti, na ndiyo maana wazee wetu wa gereji bado hushikilia usemi wao. Lakini kama chujio lililoziba haliongezi ulaji wa mafuta, huo uokoaji wa petroli unaoahidiwa kwa kufunga lililo wazi utatoka wapi?

Haki itendeke hata hivyo. Si kila kifaa cha namna hii ni kibovu. Kampuni ya K&N, iliyoanzishwa mwaka 1969 huko Riverside, California, imepata jina duniani kwa machujio ya pamba yanayopakwa mafuta, ambayo hufuliwa na kutumika tena. Lakini chujio la pamba hudai nidhamu. Mafuta yakipungua, vumbi hupita. Yakizidi, huweza kufika kwenye kihisi cha kupimia hewa na kuiyumbisha kompyuta. Kadhalika, kuna kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinachoeleza jinsi ya kupima chujio: linapitisha hewa kiasi gani, linanasa vumbi kiasi gani, na linabeba uchafu kiasi gani kabla ya kuziba. Mnunuzi ana haki ya kuuliza matokeo ya kipimo hicho. Muuzaji asiyeweza kuyataja anauza rangi.

Wapo pia wanaokwepa joto la boneti kwa kulishusha bomba hadi nyuma ya bampa. Hao wamekimbia moto wakaingia majini. Yeyote aliyewahi kuiona barabara ya Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa mvua kubwa anaelewa nasema nini. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia katika silinda, pistoni hugonga kitu kisichobonyea na mkono wake hupinda. Injini hufa hapo hapo, katikati ya dimbwi.

Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, magari mengi yaliyozoea lami na unyevu wa pwani yamejikuta katika nchi kavu yenye upepo. Wenye magari hayo wangefaidika zaidi kwa kulijua sanduku walilonalo. Chujio la karatasi huzidi kunasa vumbi kadiri linavyotumika, kwa sababu tabaka la vumbi la kwanza husaidia kulinasa la pili. Lililo jipya kabisa ndilo hupitisha zaidi. Hivyo desturi yetu ya kulifungua kila wiki na kulipuliza kwa upepo mkali wa kompresa ni uharibifu unaofanywa kwa nia njema: karatasi hutoboka matundu yasiyoonekana, na mpira wa ukingoni hulegea. Mwongozo wa gari hueleza lini pa kulikagua, na mapema zaidi penye vumbi. Jaribio la maana halihitaji fedha: futa kwa kidole, au kwa kitambaa cheupe, ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na hapo ndipo pa kutengeneza.

Limebaki suala la magari ya umma, ambalo ni zito kuliko mvumo wa gari la mtu binafsi. Land Cruiser la kubebea wagonjwa katika wilaya yenye barabara za vumbi kweli lastahili kuongezewa kifaa: bomba linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni haba kuliko chini, na juu yake bakuli linaloizungusha hewa na kuziangusha chembe nzito kabla hazijafika kwenye chujio. Hilo ni badiliko lenye akili, mradi viungo vyote vya bomba vizibwe barabara. Pasipozibwa, bomba lile ni pembe tu, na gari huendelea kuvuta vumbi la chini ya boneti huku wananchi wakilisifu.

Maofisa usafirishaji wa halmashauri waongeze safu moja katika daftari la gari: tarehe chujio lilipofunguliwa, jina la aliyelifungua, na hali ya bomba baada ya kufutwa kwa kitambaa. Bakuli likaguliwe na dereva kila jioni. TEMESA, wenye jukumu la matengenezo ya magari ya Serikali, wangeweza kupima kiasi cha silikoni katika oili inayomwagwa, kwa kuwa silikoni ikipanda ni dalili kwamba mchanga unaingia, nayo huonekana muda mrefu kabla ya moshi wa buluu. Sampuli yenyewe ni kichupa kidogo cha oili ambayo ingemwagwa hata hivyo.